Kadi ya Manjano

Jumanne, 4 Machi

Baba Mapacha,

Siku ya tatu tangu tukuzike. Leo kaka yako amevunja kioo cha kabati kwa ngumi. Alikuwa anakunywa chai, akainuka, akapiga. Damu mpaka kwenye kola. Nikamfunga mkono kwa taulo, akanisukuma ukutani.

"Niache, shemeji. Wamemtia sumu ndugu yangu, na wewe umekaa pale unaitazama dripu inadondoka."

Nilifagia vioo. Mapacha nimewapeleka kwa shangazi yao.

Jumatano, 5 Machi

Daktari wako wa saratani amepiga simu. Anasema haikuwa sumu. Dripu ile iliamsha kinga ya mwili ipigane na saratani ya figo, na ilipigana kweli — uvimbe ulishaanza kunywea. Kisha kinga ikaugeukia moyo, ikauvimbisha. Huwapata wachache. Ikiwahiwa, kuna dawa ya kuituliza.

Ikiwahiwa.

Nakumbuka kope ya jicho lako la kushoto ilivyoanza kushuka. Gereji nzima wakakucheka, eti fundi bodi siku hizi anakonyeza wateja. Ukaja nyumbani ukanikonyeza na mimi. "Vipi, mrembo?" Nilicheka mpaka nikamwaga beseni la vyombo. Siku mbili baadaye pumzi ilikukatikia kwenye ngazi tatu za mlangoni.

Alhamisi, 6 Machi

Acha niandike yote.

Hospitalini, daktari kijana wa zamu aliniuliza unatumia dawa gani. Nikasema ya saratani. Ipi? Sikujua jina. Akakutibu pumu. Saa tatu nzima. Halafu moyo ukaharibika mapigo, wakakupanda kifuani. Mbavu zilivunjika nikizisikia, mlio uleule wa bampa ukilipasua. Wakakupiga shoti ya umeme mara nne. Kisigino chako kiliangusha trei.

Mara ya tano hawakupiga.

Na kadi ilikuwepo. Ya manjano, imeandikwa jina la dawa. Siku ya dripu ya kwanza muuguzi aliniambia, "Mama, hii itembee naye. Kope, kifua, pumzi — chochote kikibadilika, mwonyesheni daktari yeyote." Nikaiona kitu cha maana. Nikaiviringisha kwenye nailoni, nikaifungia sandukuni pamoja na cheti cha ndoa.

Isipotee.

Ijumaa, 7 Machi

Kaka yako jana alimng'oa mlinzi wa hospitali jino. Leo ameingia chumbani kwetu, amechukua nyundo yako kubwa chini ya kitanda. Anamtaka yule kijana wa zamu. "Nitamnyoosha kama mlango wa lori."

Yuko uani, anawasubiri wenzake wawili wa gereji. Anaipigapiga nyundo kwenye ndoo. Ndoo imeshakuwa bapa.

Nimefungua sanduku. Kadi ninayo. Nitamwambia kaka yako mimi mwenyewe ilikokuwa, kabla wenzake hawajafika.

Pikipiki inasikika.

Baba Mapacha, unikumbuke. Unikumbuke siku ile ya beseni, nacheka, miguu imelowa.