Niliuza Mapazia, Mteja Akaandika Nimemletea Kaptula

Bi Mgeni mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya jora la kitambaa dukani kwangu, sijui nicheke au nilie, na naomba uniambie la kufanya kabla mume wangu hajaniamulia.

Mimi naitwa Severa, mama wa watoto wawili, kwetu ni Kibosho lakini Bongo nimekaa mpaka nimekuwa mwenyeji, na ninauza mapazia kwenye soko la mtandaoni, yale masoko ambayo mteja akishapokea mzigo anakupa nyota na kuandika maoni yake, na mapazia yenyewe tunashona na fundi wangu kwenye kifremu cha Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, kidogo kiasi kwamba ili mlango ufunguke inabidi cherehani isogezwe, kwa hiyo hakuna mpita njia anayeniona, wateja wangu wote wananikuta kwenye simu, na nyota zikishuka, Bi Mgeni, soko linakusukuma chini kabisa ambako hakuna anayefika kutazama, ni sawa na mtu kukufungia duka.

Sasa kabla ya Diwali mama mmoja wa Upanga, mama Bharti, aliagiza mapazia ya sebuleni, akachagua kitambaa kipya nilichokuwa nimekileta kwa mara ya kwanza, rangi ya machungwa yaliyoiva, kizuri mpaka na mimi nilikitamani, akapokea mzigo wake, akashukuru, kisha kimya, halafu asubuhi moja naamka nakuta nyota moja na picha ya mapazia yangu yananing'inia shubiri nzima juu ya sakafu, miguu ya meza yote nje, na chini ameandika: "Nimeagiza mapazia, nimeletewa kaptula."

Watu walicheka jamani, walicheka na kutumiana, mmoja akauliza kama tunauza na soksi zake, na mimi kwa hasira nikamjibu yule mama palepale mbele ya kila mtu, "Jifunze kwanza kupima dirisha ndipo ununue," naye hakunitukana, akaweka tu picha nyingine ameshika futi ya fundi kutoka kwenye bomba la pazia hadi sakafuni, na kipimo ni kilekile alichonitumia siku ya kwanza. Tangu hapo simu yangu imekaa kama imezimwa. Fundi anakuja, anapiga miayo, anaondoka.

Mume wangu Benedict, yeye ni wakala wa kutoa mizigo bandarini na anaamini kila jambo linamalizwa kwa kupiga simu, akasema, "Mke wangu, nyota moja inafukuzwa na nyota nyingi," na kwa kuwa kwenye soko letu mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuandika, akaingia kwenye kikundi cha ukoo akaomba kila mmoja anisifu, na Bi Mgeni, walinisifu. Baba mdogo Leodegar akaandika kutoka Kibosho, "Huyu ni mtoto wetu, ana adabu tangu shule ya msingi, hajawahi kumtukana mtu," wakati tusi langu lipo hapohapo juu yake. Shangazi Candida sijui alifikiri yupo ukurasa gani, akatoa nyota tano na kuandika, "Kuku walifika wazima, asante sana." Dada Clotilda, mwenye nyumba ya wageni Sinza aliyekuwa ameniahidi kazi ya vyumba vyake vyote, akanipigia akaniuliza, "Severa, mbona wanaokusifu wote jina la ukoo ni moja? Na hao kuku wametokea wapi?" Akasema ngoja kwanza afikirie.

Siku ile nikakata kipande cha kile kitambaa, nikakilowesha kwenye ndoo, nikakianika, nikakipima. Kimesinyaa! Mama wa watu alikuwa amefua tu mapazia yake ili nyumba iwe safi kwa sikukuu. Nikalowesha kitambaa cha jozi nzima, kikakauka, fundi akakishona upya, nikaubeba mzigo mwenyewe mpaka Upanga.

Akafungua mlango mwenyewe. Nikasema, "Shikamoo mama, mimi ndiye wa kaptula."

"Marahaba," akasema, halafu akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. "Ingia, ingia. Nilidhani ni mwanamume mkali."

Akanipa chai ya maziwa na chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya chumvi na pilipili, tukayatundika mapazia pamoja, yakafika chini vizuri kabisa, akarudi nyuma akayatazama akafurahi, akaniambia, "Binti, mimi sikukasirika kwa ajili ya pazia. Nilikasirika uliponiambia sijui kupima. Sasa yameisha. Ukitaka nafuta maneno yangu hapahapa, unaona." Na simu ameshaishika.

Na mimi nikasema, "Mama, subiri kidogo," nikaondoka, na ndipo shida yangu ilipo, kwa sababu kitambaa hicho nimewauzia na watu wengine, nao hawajalalamika, maana yake hawajafua. Benedict anasema nimekuwa mwendawazimu, anasema mwambie afute leo, nyota zipande, na hao wengine tunyamaze, "Watu hawafui mapazia mpaka Krismasi, na Krismasi ikifika kila mtu atakuwa amesahau alinunua wapi." Nikimtazama naona anasema kwa kunipenda, kwa sababu kila jioni ananikuta nimeishika simu tupu. Lakini kila nikilala naona mapazia ya watu yanapanda, Bi Mgeni, yanapanda yenyewe ukutani. Nifanye nini? Na baba mdogo naye ananipigia kuuliza ni watu wangapi wamesoma maneno yake.

Ni mimi Severa, Kariakoo.

*

Marahaba, Severa.

Nisamehe, nimeisomea barua yako ofisini kwa sauti na tumecheka sote, hasa kwenye kuku. Tumekwisha kucheka, sasa kaa vizuri nikwambie.

Kwanza pole. Anayeuza dukani akigombana na mteja mmoja, ugomvi unaishia mlangoni. Wewe ugomvi wako unakaa palepale mchana na usiku, na kila anayepita anausoma upya. Hilo ni zito na usiruhusu mtu akuambie ni vijineno tu vya mtandaoni. Fundi wako anakula kwa nyota hizo, na wanao pia.

Lakini mama! "Jifunze kupima dirisha"? Unamwambia hivyo mtu mzima, mbele za watu, na wewe hujalowesha hata kitambaa cha leso? Picha yake ilichekesha, jibu lako ndilo lililofukuza wateja. Mtu akinunua anajua pazia linaweza kuja na kasoro. Anachotaka kujua ni kwamba likija na kasoro, utampokeaje. Wewe ukawaonyesha wote utakavyowapokea.

Ulipokwenda Upanga kwa miguu yako ulirekebisha zaidi ya pazia, na hapo nakuvulia kilemba. Sasa usiharibu.

Usimwombe mama Bharti afute. Mwombe aache maneno yake yote, aongeze tu chini yake kilichotokea baadaye, na picha ya mapazia yalivyo sasa. Wewe futa lile jibu lako la ovyo, uandike jingine la adabu: kitambaa kilisinyaa, kosa ni letu, tumebadilisha, sasa tunalowesha kabla ya kukata. Maneno machache, bila kujitetea. Dada Clotilda akisoma hayo atajua anafanya kazi na mtu wa namna gani, maana wageni wake wanamwagia chai mapazia kila wiki na yeye lazima afue.

Wanaotakiwa kufuta ni ndugu zako. Wote. Baba mdogo mwambie hivi: "Baba mdogo, maneno yako ni mazuri mno, nataka uyaseme kwenye kipaimara cha mtoto." Atakubali. Shangazi Candida msaidie ampate huyo muuza kuku wake, maana kuna mtu mahali fulani amefanya kazi nzuri na hajashukuriwa.

Benedict nampa pole, anakupenda na amehangaika. Lakini hesabu yake ya Krismasi ni mbovu. Krismasi ndipo mapazia ya nyumba zote yanafuliwa kwa mpigo, na utaamka na picha za mapazia mafupi kutoka kila kona ya mji, tena wakati huo ukiwa ulijua ukanyamaza. Leo una kosa la kitambaa. Ukinyamaza litakuwa kosa lako. Kwa hiyo chukua simu, wapigie wote walionunua, mmoja mmoja, waambie wasifue mpaka uwabadilishie, na waliofua utawashonea upya. Usiwaandikie ujumbe, wapigie wakusikie. Na kwa kuwa mumeo ni hodari wa simu, mpe nusu ya majina.

Nilikuwa nimeishia hapo, lakini nilishindwa kuvumilia mpaka gazeti litoke, nikampigia Severa nikamsomea. Jana kanipigia yeye. Alianza na mteja wa Magomeni, bwana Sadalla: "Kaka, mimi ni yule wa mapazia, naomba radhi, kile kitambaa kikifuliwa kinasinyaa."

 Bwana Sadalla akauliza taratibu, "Unasema kinasinyaa chenyewe?"

"Ndiyo kaka, chenyewe. Ni kosa letu."

"Dada, Mungu akubariki. Niliyafua mimi, mke wangu akiwa safarini. Tangu arudi ananiambia nimeyachemsha, na mpaka shemeji zangu wanajua. Hebu rudia hayo maneno, nimeweka sauti kubwa, yupo hapa pembeni yangu."

Severa akarudia. Akasikia mwanamke anacheka, na mwanamume anapiga makofi peke yake.

Bado wengine hujawapigia, Severa. Weka gazeti chini, endelea.

Bi Mgeni