Kidole Gumba cha Innokenti Savvich

Jumamosi, 2 Machi

Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama. Maneno yote ya Innokenti Savvich nimeyahifadhi kichwani. Si ya mchezo mmoja — ya michezo yote sita anayoigiza msimu huu! Mama akiwa chini anapokea makoti ya watazamaji na kuwapa vibati vya namba, mimi huwa nimekaa roshani ya pembeni, kiti cha kando ya nguzo. Kiti hicho hakinunuliwi, maana ukikaa hapo unaona nusu ya jukwaa tu. Nakaa, na midomo yangu inakwenda pamoja na yake. Anayeniona atadhani nasali.

Leo siri imenitoka. Kwa kosa langu mwenyewe.

Walikuwa kwenye mazoezi ya mchezo mpya, ule wa fundi saa mzee anayemngoja mwanawe. Mimi roshani, daftari la kemia magotini. Innokenti Savvich akafika pale pa barua — akanyamaza. Kimya. Kirill Denisovich, mwongozaji wetu, akavua miwani. Na mimi, bila kufikiri, nikasema kutoka juu: "Na saa ya ukutani ikasimama."

Wote wakageuka!

"Malaika gani huyo?" akaita Innokenti Savvich. "Hebu shuka tuone kama una miguu!"

Miguu ninayo. Nilikimbia nayo mpaka kwenye makoti, nikajibana katikati ya makoti mawili ya manyoya. Mama alinivuta kwa soksi.

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya chapati za maji, ile ya kabla ya mfungo, imeanza. Nimekula saba, na malai.

Mama kaja na habari. Kirill Denisovich amemwambia mzee waziwazi: mazoezini umesimama mara tatu, na onyesho la kwanza ni tarehe 27. Atie kifaa kidogo sikioni, asomewe maneno. Innokenti Savvich amekataa katakata. Sikio la mwigizaji ni la kumsikia mwenzake, kasema. "Nipe mtu anayepumua!" Basi wamekubaliana: atapewa mnong'onezaji, akae katika kile kibanda cha zamani chini ya ukingo wa jukwaa na kumkumbusha. Lakini akikwama mbele ya watu, hata mara moja tu, onyesho la pili atacheza Bulygin. Bulygin ana miaka hamsini na moja na keshaanza kukariri. Mama anamsikia akijisemesha ukumbini.

"Na huyo mtu anayepumua wamempata?" nikauliza.

Mama aligeuza chapati kwanza. "Wamempata. Wiki ijayo ana mtihani wa kemia."

Alhamisi, 7 Machi

Nilisimama mlangoni kwao dakika kumi na moja nikiitazama kengele. Mlango ukafunguka wenyewe — Rimma Arkadyevna, mkewe, alikuwa anatoka kukung'uta zulia. Ndiye aliyekuwa mnong'onezaji katika kibanda kilekile, miaka thelathini na mmoja. Aliacha masikio yake yalipozima. Sasa huongea kwa sauti ambayo jengo zima linaipata.

"KESHA! MNONG'ONEZAJI WAKO KAFIKA! MWEMBAMBA KAMA TAMBI!"

Kesha ni yeye, Innokenti Savvich! Nilitaka kucheka nikashikwa na kwikwi.

Ukuta wao wote ni picha. Akanisimulia maisha yake akiwa amesimama, akiigiza kila mtu. Alikuwa fundi mitambo kwenye meli ya kukokota magogo. Siku moja walibeba kundi la waigizaji, mmoja wao akalewa chakari, naye akavalishwa koti la mtumishi ili aingie na samovari, birika kubwa la chai, na kusema, "Tayari." Neno moja! Watu wakapiga makofi. "Waliipigia samovari," kasema, "lakini mimi nilikuwa mjinga, nikadhani ni mimi." Akaacha meli, akaenda Moscow kuomba chuo cha uigizaji. Akakataliwa mara tatu. Mara ya nne aliingia na koti la nahodha wake, mikono imemezwa mpaka vidoleni, na watahini wakacheka kabla hajafungua mdomo. Wakampokea. Kisha mji wetu huu, na jukwaa hili, miaka arobaini na sita.

Filamu kumi na moja pia. Katika tisa anakufa kabla chai ya mtazamaji haijapoa. Katika moja anapita dirishani. Na katika moja anacheza mhudumu wa behewa la treni, anachungulia abiria na kusema: "Chai ipo, sukari ilikuwa jana!" Nchi nzima inaijua. Anapigiwa kelele hiyo sokoni, kwenye basi, kwenye mabafu ya mvuke. Daktari wa meno alimwambia hivyo akiwa ameshika koleo.

"Unachukia?" nikathubutu.

"Ningechukia kama wangesahau, binti yangu."

Ijumaa, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Innokenti Savvich kaja kwenye makoti na tulipu: tatu za mama, tano zangu. Kwa mara ya kwanza nimepewa maua na mtu asiye ndugu! Bulygin naye kamletea mama chokoleti. Sitaki kumpenda Bulygin. Chokoleti ilikuwa tamu.

Jumanne, 12 Machi

Vibaya sana leo. Mazoezini Innokenti Savvich alinyamaza, nikampa neno. Hakuwa amesahau! Alikuwa amenyamaza tu, kwa makusudi. Baadaye tena vilevile. Akatupa kofia chini:

"Kimya changu nimekijenga kama nyumba, nawe unaingia na viatu vya matope!"

Nililia chooni. Rimma Arkadyevna akanifuata kunibembeleza, kwa sauti yake ileile, kwa hiyo jumba zima la maonyesho linajua sasa kwamba mimi ni mtoto mzuri na kwamba Kesha ni dubu.

Kisha akafanya jambo ambalo sikujua analiweza. Alinong'ona.

"Usitazame kitabu, Tasya. Kitabu hakina hofu. Tazama kidole gumba cha mkono wa kulia. Kikitulia, ananyamaza kwa kupenda, mwache. Kikianza kusugua kidole cha shahada, kapotea. Mpe neno moja tu. La kuanzia."

"Yeye anajua?" nikamwandikia kwenye karatasi.

"Miaka thelathini na mmoja hajui! Ukimwambia tu, atakitia mfukoni."

Jumapili, 17 Machi

Kidole kimesugua mara saba. Nimetoa maneno saba! Na vile vimya vyake vitano sikuvigusa. Innokenti Savvich alichuchumaa mbele ya kibanda, akanichungulia.

"Unajuaje wewe?"

"Nasoma sana," nikasema. Si uongo.

Kirill Denisovich alirudisha miwani machoni na kuiacha hapohapo. Nyumbani nilitembea kwa kuruka madimbwi. Barafu ya mto Volga inapasuka, inatoa sauti kama mlango mkubwa. Kemia nimepata tatu kati ya tano. Mama anasema ningepata nne kama kemia ingekuwa na kidole gumba — nimemfunulia yeye tu.

Jumamosi, 23 Machi

Balaa! Leo mavazi yote yamekuwa tayari. Sehemu ya pili fundi saa yuko nje kwenye theluji, stesheni, anangoja treni ya mwanawe. Wamemvalisha glavu. Nene, za sufu, kama mito miwili! Kidole hakionekani. Na ndipo penye kile kimya kirefu kuliko vyote, kabla ya maneno ya mwisho.

Siwezi kuomba avue. Nitasema kwa nini?

Nikamwandikia Rimma Arkadyevna kwenye karatasi. Alicheka mpaka akafuta macho.

"Basi hapo utamwamini tu. Mimi nilimwamini hivyo mara mbili."

Nikaandika: Na ikawaje?

"MARA MOJA NILIKOSEA!"

Jumatano, 27 Machi

Naandika kwa penseli, kibandani, wakati wa mapumziko. Siogopi. Labda kidogo.

Kabla ya kuanza nilimtakia arudi mikono mitupu, ndivyo tunavyotakiana heri, naye akanituma kwa shetani, kama inavyopasa. Ukumbi umejaa! Alipotokea tu, mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Chai ipo!" Kicheko. Innokenti Savvich akainua kofia, akangoja kicheko kiishe, akaketi mezani na kufungua saa. Dakika moja baadaye hapakuwa na mhudumu wa behewa tena. Palikuwa na fundi saa. Kidole kimesugua mara mbili. Nimetoa maneno mawili. Hakuna aliyesikia. Rimma Arkadyevna yuko safu ya tatu na anawaambia majirani zake wote kwamba mambo ni mazuri.

Na sasa hivi kitabu kimeanguka. Utepe wa jalada lake la zamani umekatika, kurasa zote zikatawanyika chini. Kila mtu hapa anajua: maneno yakianguka sakafuni lazima uyakalie papo hapo, la sivyo mchezo nao utaanguka. Nilikaa kabla hata ya kufikiri. Kurasa arobaini, zimechanganyika, na hazina namba.

Kengele ya pili. Innokenti Savvich kachungulia, glavu keshavaa.

"Tasya, mbona umerefuka?"

"Nimekalia kitabu, Innokenti Savvich. Kilianguka."

"Kurasa zimevurugika?"

"Zote."

"Na kichwani?"

Nikavuta pumzi. "Kichwani ziko sawa. Zote. Na za michezo yako mingine."

Nilidhani atashangaa. Akatabasamu.

"Najua. Tangu msimu uliopita. Kiti cha kando ya nguzo, mwanga wa jukwaa unafika pale. Nikiona midomo yako inakwenda, najua sijapotea njia. Ulifikiri nilimwomba Kirill mtu anayepumua, nikiwa simjui ni nani?"

Akaenda kusimama mahali pake.

Kengele ya tatu. Ukumbi umekuwa giza. Sikuokota hata ukurasa mmoja. Nimefuta miwani yangu. Nimezima taa ndogo ya kibandani, maana sina cha kusomea, na mstari huu nauandika kwa mwanga wa jukwaa. Pazia limefunguka, theluji ya karatasi inaanguka juu ya glavu. Nimekaa vizuri juu ya kitabu na nimeanza kuchezesha midomo.