Elfu Moja na Kumi

Jumamosi, 2 Novemba
Boza, lile lori la kutuletea maji, limechelewa. Nimefua nusu ya nguo tu. Matokeo ya ule mtihani wa vyuo vya Marekani yametoka nikiwa bado na povu mikononi. Elfu moja na kumi. Juu kabisa ni elfu moja mia sita, na chuo ninachotaka huchukua waliokaribia huko juu. Vibaya.

Baba ameuliza nimepata ngapi. Nimemwambia, akapiga makofi. Yeye anaujua mtihani wa darasa la nane, ule wa alama mia tano. Hakuuliza huu ni juu ya ngapi. Nami sikusema.

Jumapili, 3 Novemba
Baba amesimama kanisani wakati wa shukrani na kuitangaza alama yangu. Vigelegele. Jirani yetu, Baba Silantoi, amenishika mkono na kusema binti yake naye ataufanya mwakani. Silantoi yuko Form Three na ananishinda hesabu. Nimetabasamu. Aibu tupu.

Jumatano, 13 Novemba
Nimeenda kwa Madam Auma, aliyenifundisha Kiingereza na sasa ananisaidia na maombi ya chuo. Chuo hakimlazimishi mtu kutuma alama hizo. Ukinyamaza, wanakupima kwa matokeo ya Form Four na insha. Yeye anaona nisitume. Halafu tena akasema huenda wakaona msichana wa Kitengela aliyejisomea peke yake, na elfu moja ikawa kitu. Uamuzi ni wangu, eti. Sipendi watu wanaonirudishia mzigo.

Alhamisi, 28 Novemba
Natuma. La, situmi. Kila jioni Baba akitoka soko la ng'ombe anauliza kama "ile elfu" imeenda. Anasema ng'ombe mzuri haachwi nyumbani siku ya soko. Naogopa kumwambia ng'ombe huyu amekonda.

Jumamosi, 28 Desemba
Kwenye fomu ya chuo mtandaoni, pale wanapouliza kama natuma alama, nimejibu hapana. Ndipo nikamwita Baba, maana alitaka kubonyeza kitufe cha kutuma mwenyewe. Amevaa miwani, akaomba kwa Kimaasai, akabonyeza. Anaamini ametuma alama yangu. Najichukia.

Jumamosi, 22 Machi
Wamenikataa. Aya mbili za adabu.

Nimelia jikoni. Baba amekasirika, si kwangu. "Kama wanakataa mtu wa elfu moja, shida si alama," amesema. "Ni sisi hawatutaki." Hapo ndipo ningesema. Nimekatakata sukuma wiki.

Jumapili, 30 Machi
Silantoi hafanyi mtihani tena. Ameniambia nje ya kanisa, macho chini. Babake amesema kama mimi nilikataliwa na alama kubwa vile, yeye ataenda kupoteza wakati tu. Maneno ni ya Baba yangu, ameyapeleka mpaka kwao.

Huyu msichana angepita. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Tatizo ni kwamba kilio hiki kimeenda nyumba ya watu wengine.

Jumatatu, 31 Machi
Nimemwambia Baba yote baada ya chakula. Kwamba alama ilikuwa ya chini. Kwamba chuo hakikuiona kabisa. Kwamba alipobonyeza, nilikuwa nimeshaificha. Mama ameacha kutoa vyombo mezani. Nilingoja matusi.

Baba amechukua simu, akampigia Baba Silantoi.

"Ile alama nilitangaza haikuwa kubwa. Na hao wa chuo hawakuiona, kwa hivyo siwezi sema walitukataa. Mtoto hana makosa, ni mimi sikuuliza. Wacha Silantoi afanye."

Mtoto ana makosa. Nilikuwa nimeketi palepale karibu na simu na sikufungua mdomo.

Jumanne, 1 Aprili
Mvua kidogo. Baba hakuenda sokoni. Amevuta kiti karibu na changu, akaniomba nimweleze alama ngapi ndiyo nzuri, na kwa nini. Nimemweleza. Amesikiliza kama anavyomsikiliza daktari wa mifugo, bila kukatiza.

Halafu akauliza nilikuwa nausomea wapi mtihani ule, maana hakuwahi kuniona na kitabu. Nimesema jikoni, wote wakishalala.

"Pole, nakerai, mwanangu," amesema. "Hata hiyo sikuuliza."

Ametoka kuangalia ndama. Afadhali angenigombeza.