Tonge la Bosi Getahun

Birtukan, usinipigie, nitalia. Soma tu.

Lifti imekufa tena. Nimepanda ngazi zote na magongo yangu, nikafika kwenye chakula cha mchana cha ofisi nahema.

Hata sijanawa, bosi Getahun kakata kipande cha mkate wa injera, kakichovya mchuzini, kanitia tonge mdomoni. Nikasema sawa, gursha ni mapenzi, sote tunalishana.

Akaongeza jingine. Na jingine. Kisha akawaambia wenzangu, "Msaidieni dada yenu ale."

MSAIDIENI! Wakapokezana kunilisha kama kitoto kichanga.

Shoga, mimi kibovu ni miguu! Mikono hii ndiyo inayowachapia barua zao kutwa!

Nimechoka kuwaeleza watu mwili wangu, kila siku upya.

Nikanawa. Nikafinyanga tonge zuri, lenye nyama, nikampelekea bosi mdomoni. Si ndiyo desturi yetu? Ukilishwa, nawe unalisha.

Akarudisha kichwa nyuma. "Nimeshiba, dada."

Ameshiba! Na alikuwa hajaonja kitu, muda wote yuko kazini kunilisha mimi.

Mkono wangu uko hewani, mchuzi unachuruzika hadi kwenye kiwiko.

Nikalila mwenyewe, Birtukan. Kwa mkono huu huu.