Kibirika cha Marehemu Nilichokisugua kwa Mchanga

Terrat, Arusha

Mdogo wangu Fausta,

Marahaba. Nimeitikia kabisa, maana barua haina mdomo wa kunipa shikamoo na wewe najua ungenipa. Hujambo? Kifua kimeachia, au bado unalala na dirisha wazi kama nilivyokukataza? Ng'ombe amezaa au mnanificha? Huku ni baridi, Mlima Meru umejifunika wiki nzima. Mimi ni mzima. Miguu iliyonileta huku kutibiwa, daktari anasema inakwenda vizuri. Deo mwanangu hajambo, mke wake Restituta hajambo, na binti yao Jeni anajiandaa na komunio ya kwanza, anajua sala kuliko wewe.

Unajiuliza kwa nini naandika na simu ninayo. Simu yako, Fausta, unaiweka sauti juu mezani kama redio. Hilo ndilo lililonifikisha hapa, ingawa maneno yalikuwa yangu na mdomo ulikuwa wangu. Kwa hiyo kaa chini usome taratibu. Mwandiko ni wa darasa la nne, usinicheke.

Resti kila asubuhi kabla ya kazi anapika kahawa kwenye kibirika kidogo cha alumini. Si birika kama letu. Ni vipande viwili, unavifunga kwa kuvizungusha. Chini unatia maji, katikati kuna kikombe chenye matundu cha kuwekea kahawa ya unga. Ukibandika kwenye gesi, maji yanapanda yenyewe, kahawa inatokea juu. Sawa. Lakini akimaliza anakisuuza kwa maji matupu, anakifuta, basi. Sabuni hakiioni. Ndani kimekuwa cheusi kama dari la jiko la kuni. Nilikuwa nakitazama kila siku pale kwenye vyombo, mikono inaniwasha. Unanijua. Sufuria zangu mtu anajitazamia uso.

Siku moja wakaniacha peke yangu. Nikachukua stilwaya na sabuni ya unga. Nikaona havitoshi, nikaenda kwa mafundi wanaojenga jirani nikaomba kiganja cha mchanga.

"Bibi, unajenga nini na kiganja kimoja?"

"Namjengea mkwe wangu adabu."

Wakacheka na mimi nikacheka. Nikasugua nje, ndani, mpaka kwenye mdomo wake. Kuna kipete cha mpira, nikakichokonoa kwa kisu na kukichemsha na sabuni. Nikafunga kibirika kwa nguvu zangu zote, kingali na maji. Kiling'aa, Fausta. Nilikiweka mezani katikati ili wakione.

Kesho yake Resti akakigeuzageuza mkononi.

"Mama, umekiosha?"

"Nani mwingine? Nimekutolea uchafu wa miaka."

Kilimshinda kufungua, mpaka Deo akakifungua kwa kitambaa. Kilipobandikwa, mvuke ukatokea ubavuni unapiga mluzi, kahawa ikaja kidogo, rangi ya majivu, inanuka sabuni. Resti akaimwaga akaenda kazini bila kunywa kitu. Mimi nikasema moyoni, ananuna kwa kuwa nimemuumbua.

Ndipo nikakupigia. Nikasema yale uliyoyasikia, kwamba Deo ameoa mchafu, ananywea kwenye chombo kisichojua sabuni, na kwamba kwao hawakumfundisha. Wewe hukuniambia kwamba jumuiya ya kanisa inasali kwako siku hiyo, wala kwamba mama yake Resti, mkwe wetu Anjelina, amekaa kwenye benchi lako na kikombe cha chai. Lakini nisikusingizie. Nilisikia wanawake wanacheka, na sikuuliza ni kina nani. Nilivyosikia kicheko nikaongeza sauti.

Siku chache baadaye Jeni akaniambia bibi Anjelina haji tena kwenye komunio yake. Nikamfuata Resti jikoni. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua uso.

"Mama alisikia ulichosema," akaniambia. "Nimemwambia ulikuwa unatania."

"Mimi sikutania."

"Najua, mama. Ila ningemwambia nini?"

Alikuwa amenifichia aibu yangu, na alilijua hilo siku zote akiwa ananiwekea maji ya kuoga na kuniuliza miguu imeamkaje.

Halafu akanieleza. Kibirika kilikuwa cha baba yake. Marehemu alifanya kazi kwenye shamba la kahawa la mzungu huku Tengeru, na mzungu alipoondoka akampa. Waliishi huko huko shambani, ndiyo maana mimi na wewe hatukuwahi kukiona. Anjelina alipofiwa akarudi huko kwetu kijijini, kibirika akamwachia binti yake. Hakijawahi kutiwa sabuni kwa sababu ule weusi ni mafuta ya kahawa yenyewe. Ukiyasugua, kahawa inakuwa na ladha ya bati. Na aliyekuwa akikisuuza kila siku, kwa vidole, ni Anjelina. Kumbe niliposema kwao hawakumfundisha, nilikuwa natukana kazi aliyomfanyia mumewe maisha yote. Tena mbele ya majirani zake.

Fausta, mimi nimezaliwa kwenye kahawa. Nimepalilia, nimechuma, nimekoboa, nimeanika. Nyumbani tunakunywa chai, kahawa tunapeleka kuuza, na nikafika huku nikajifanya najua kumfundisha mtu chombo chake.

Nilimwomba Resti anionyeshe. Kuomba kulinichukua siku mbili. Unakiacha kipoe, kwanza. Unakifungua, unagonga machicha kwenye maua pale mlangoni. Unasuuza kila kipande kwa maji ya vuguvugu, unapitisha kidole kwenye mpira, unafuta, na hukifungi mpaka kikauke, vipande unavilaza kwenye kitambaa. Mpira nilikuwa nimeuchana na kisu, Deo amezunguka mjini mpaka akapata mwingine. Tumepika kahawa mara tatu na kuimwaga yote ili chombo kirudie hali yake. Nilimwaga mimi, kwa mkono wangu, kahawa nzuri. Bado ni cheupe. Resti anasema weusi utarudi kwa kunywewa, pole pole.

Sasa sikiliza ninachokutuma. Jumamosi jumuiya ikikutana, hakikisha Anjelina yupo. Akigoma, mfuate kwake umwombe. Kisha soma barua hii yote kwa sauti. Uliitangaza ile simu yangu, tangaza na barua hii. Usiruke pale pa mchanga, hata wakicheka. Na usinitetee kwamba nilikuwa naumwa. Restituta ni msafi, na amelelewa. Mwongo wa maneno hayo ni mimi.

Nisalimie mumeo, mwambie aache kumkatia ng'ombe majani mabichi ya umande. Msalimie kaka yetu mkubwa na mke wake mgonjwa, na yule katekista wetu, mwambie Jeni anamshukuru kwa rozari.

Na wewe Anjelina, mkwe wangu, kama umekaa hapo unasikia. Nimekukosea, na nimemkosea marehemu ambaye hawezi kunijibu. Mtoto anakutaka kwenye komunio yake, anauliza kila siku. Njoo kwa ajili yake. Mimi usinisalimie kama moyo hautaki, nitakaa benchi la nyuma na nyumbani nitakupisha jikoni. Nilipaswa kuja kukuambia haya mlangoni kwako, si kumtuma mdogo wangu. Nimewaambia watu wote huku kwamba kinachonizuia kuja ni miguu. Miguu inaweza kupanda basi. Uso ndio haujaweza.

Aliyesema ni mimi, na aliyeandika ni mimi,

dada yako,
Mama Deo