Nimemwambia Baba Yake ni Upungufu wa Damu

Mpendwa mshauri wangu Bi Mwanamkasi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai u mzima wa afya, na ule mgongo uliosema gazetini unakusumbua umepoa. Shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi niwekee hiyo shikamoo mpaka tuonane. Sisi hapa Bagamoyo tu wazima alhamdulillah, isipokuwa moyo wangu, huo hautulii, tangu nitoke kuswali adhuhuri nimeianza barua hii mara tatu na mara zote nimeinuka kwenda kufanya jambo ambalo nikifika jikoni silikumbuki.

Naomba msaada, dada yangu. Nina binti, nimwite Hanadi, majina yote humu nimeyaazima, ana miaka ishirini, amemaliza kidato cha sita na amepata chuo Dar es Salaam kusomea famasia. Anatakiwa kuripoti baada ya siku kumi na nane na mpaka naandika hapa sijui kama anakwenda. Mtoto huyu tangu mdogo hakai, anaanza kufagia anaacha ufagio mlangoni anakwenda kuanika nguo, nguo zenyewe anaanika nusu, ukimtuma chumvi anarudi na habari za msiba wa watu na chumvi hana, lakini ana akili, wallahi ana akili, na mimi nikasema akili hii haipotei nikiwa hai. Nikampangia shule, kutoka shule tuisheni, kutoka tuisheni madrasa kwa maalim, likizo kambi ya masomo, na alifaulu, Bi Mwanamkasi, alifaulu vizuri, watu walikuja kunipa mkono kama nimejifungua.

Basi mtihani ulipokwisha akalala. Siku ya kwanza nikasema kachoka, wiki ya pili nikasema anadeka, mwezi ulipotimia hachani nywele, hashiki kitabu, nikimwita anajibu "naam mama" na hainuki. Nikamfanyia kombe, maalim akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, tukaosha kwa maji ya marashi, akanywa Ijumaa tatu. Ndipo mwalimu wake wa zamani akaniambia nimpeleke hospitali Dar, nikampeleka, baba yake akiwa Chalinze na mzigo wa dukani.

Daktari alikaa naye muda mrefu, akamuuliza hata habari za darasa la kwanza, halafu akaniita. "Mama, binti yako ana mambo mawili. La kwanza kazaliwa nalo, linaitwa ADHD, ni namna ubongo wake unavyofanya kazi, umakini unamtoroka na kutulia kunamshinda. La pili kalipata njiani. Miaka yote alikuwa anatumia nguvu mara mbili ya wenzake ili la kwanza lisionekane, sasa nguvu zimekwisha. Si uvivu huu, wala si shetani." Akatuandikia barua, akasema turudi baada ya mwezi tuzungumze kama kuna haja ya dawa.

Bi Mwanamkasi, ile barua niliikunja nikaiweka kabatini chini ya kanga zangu. Na mwezi umepita, hatukurudi. Baba yake, nimwite Qais, aliporudi akauliza daktari kasemaje, ulimi wangu ukasema, "Upungufu wa damu." Basi tangu siku hiyo kila akitoka dukani anakuja na maini na juisi ya rosela. Wiki ya sita sasa mtoto anakula maini! Juzi kamwambia baba yake, "Baba, hata ng'ombe mwenyewe hakuwa na maini mengi hivi," Qais akacheka akasema, "Kula, damu ipande," na mimi nikainamia sahani yangu.

Nikaona dawa ni kumwandaa mapema, nikaazima madaftari ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nikamwekea ratiba ukutani kuanzia baada ya alfajiri mpaka isha. Na kwa kuwa alikuwa anashinda na sindano anadarizi kofia kama alivyofundishwa na bibi yake, huku kaweka simu sikioni anasikiliza masomo aliyorekodi, nikamnyang'anya kofia na sindano nikavifungia, nikamwambia utadarizi ukimaliza chuo. Akalia. Akasema, "Mama, nimechoka mpaka kwenye mifupa." Nikamwambia Mwislamu hachoki.

Sasa imekuja fomu ya afya ya chuo. Daktari ajaze, mzazi atie sahihi, na kuna mahali pameulizwa kama mwanafunzi ana hali yoyote inayohitaji uangalizi. Wifi yangu Nawal amekuja kutoka Mlingotini, yeye ndiye anayesimamia posa ya Hanadi kwa watu fulani wa heshima, na yeye tu ndiye niliyemwonyesha ile barua. Akasema, "Nendeni kwa daktari mwingine asiyemjua, na hapo iandikwe hana. Ukiandika ugonjwa wa kichwa, posa inageukia mlangoni."

"Si ugonjwa wa kichwa, wifi."

"Kwani ni wa mguu?"

Hanadi alikuwa anatusikia. Akaja akasimama, akasema polepole, "Mama, ikiandikwa sina kitu, mimi siendi. Nimeigiza shule miaka kumi na tatu, siwezi kwenda kuigiza tena mahali nisipomjua mtu." Tangu hapo begi liko wazi katikati ya chumba, analijaza analimwaga, leo mara ya nne.

Na lingine nikwambie wewe tu. Mimi mwenyewe niliishia la saba, darasani wakiniita Panzi. Naunguza sufuria, nasahau watu niliowaalika, rakaa nazihesabu kwa vidole. Daktari alipokuwa anaeleza habari za Hanadi nilihisi anasoma zangu. Naogopa mtoto kanirithi mimi, na Qais akijua atasema hivyo hivyo. Je, fomu iandikwe au isiandikwe? Aende au abaki? Usiku na mchana namwomba Mola anionyeshe njia. Naomba unijibu mapema, siku zinakwisha.

Wako katika imani,
Mama Hanadi, Bagamoyo.

JIBU

Waalaykum salaam, Mama Hanadi. Mgongo unaendelea vizuri, na shikamoo yako nimeipokea, marahaba, maana nakuzidi.

Pole, mwenzangu. Pole ya kweli. Umembeba mtoto huyu peke yako, na mzigo wa kubeba kwa kuficha huwa mara mbili. Lakini nikishakupa pole nina maneno na wewe.

Mwanao amekwambia kachoka mpaka kwenye mifupa, ukamjibu Mwislamu hachoki. Nani kakufundisha hayo? Mola mwenyewe kasema usingizi kaujaalia uwe mapumziko, wewe umebandika ratiba ukutani kuupinga. Ibandue leo. Madaftari ya watu rudisha. Na hiyo sindano mpe kabla hujamaliza kusoma gazeti. Mtoto alikuwa amejitafutia mwenyewe njia ya kutulia na kusikiliza somo, mikono ina kazi na masikio yako wazi, nawe ukadhani anachezea muda.

Kombe sina ugomvi nalo. Dua ni ya mja na Mola wake, endelea. Ila maalim hakukuambia uvunje miadi ya daktari, hilo umeliamua wewe.

Sasa Qais. Unamwonea. Mtu anayebeba maini wiki sita bila kuchoka ni baba anayetafuta la kumfanyia mwanawe, ila umemwelekeza njia isiyo yake. Mwambie leo akishakula, mkae wawili, mpe barua ya daktari mkononi asome mwenyewe. Atakasirika. Kwa uongo uliomwambia ana haki ya kukasirika, mwombe radhi. Akisema mtoto kakurithi wewe, mwambie huenda ni kweli, hata daktari husema mambo haya hutembea kwenye familia. Basi iweje? Panzi huyo ndiye aliyemfikisha mtoto chuo. Hofu yako ya darasa la saba usimvishe Hanadi. Na mkienda hospitali, muulize daktari na habari zako, hujachelewa.

Wifi yako Nawal mpe chai, usimpe kalamu. Watu wa posa wakikimbia kwa sababu ya karatasi, wametangulia kukuonyesha wangekimbia nini baadaye. Na kutafuta daktari asiyemjua ili aandike hana, huo ni ushahidi wa uongo, wewe mcha Mungu unalijua jina lake.

Fanya hivi. Wiki hii hii nendeni watatu, wewe, Qais na Hanadi, kwa daktari yule yule. Fomu aijaze yeye, aandike alichokiona. Muulizeni wazi kama binti ana nguvu za kuanza sasa au apumzike kwanza. Akisema apumzike, andikeni barua chuoni kuomba kuahirisha kabla ya siku ya kuripoti, msikae kimya nafasi ikapotea. Akisema aende, siku ya kwanza amtafute mshauri wa wanafunzi aeleze hali yake, aombe kukaa mbele, aombe muda wa nyongeza kwenye mitihani. Huko hakuna wa kumpangia ratiba kama wewe, basi ajifunze kuomba.

Ila aende au abaki, jibu hilo si langu wala si lako. Binti wa miaka ishirini amesimama mbele yenu akasema kwa kinywa chake anachokiweza na asichokiweza. Kwenye barua yako yote, hakuna aliyenena kwa akili kumzidi yeye. Muulize, kisha nyamaza mpaka amalize kusema, hata akisimama katikati ya sentensi akaanza nyingine.

Nakuomba uniandikie mara tu mtakapotoka kwa daktari.

Bi Mwanamkasi