Upupu wa Bondeni

Wamaza, Kabambare
Tarehe 15 Aprili 1951

Mpendwa mdogo wangu Octave,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani huko Kindu? Kile kikohozi ulichokuwa nacho sikukuu ya Noeli kimekuacha? Sisi ni wazima, ila mama anaumwa magoti, na mvua hizi hazimsaidii.

Bulaimu, kapita anayetusimamia hapa, ametuambia kwamba wewe ndiye monita mpya wa pamba, na mwezi wa sita utakuja kupima mashamba yetu. Wengine walipiga vigelegele. Lakini mume wangu Jean-Marie hakumaliza chakula chake.

Sikiliza basi. Ardhi yote nzuri tumelazimishwa kupanda pamba, na pamba hailiwi. Kwa hiyo kule bondeni kwa marehemu baba tumelima muhogo na karanga bila ruhusa, na mbele yake tukauacha upupu ujiotee. Unaujua, mmea ule haubembelezwi. Mvua ya kwanza tu unachipua, unajisokota juu ya kila kijiti, na kabla hujageuka umekuwa ukuta. Monita wa zamani aliingia mara moja, akajikuna hadi machozi yakamtoka. Tangu siku ile alisema nyuma ya upupu ni pori tu. Tulimpa pole, tukaenda kuchekea jikoni.

Sasa upupu umetoa maua ya zambarau, yananing'inia vishada vishada, mazuri kweli. Mimi yananitia hofu. Baada ya maua ni maganda, na kiangazi kikiingia maganda yatakauka yawashe kuliko wakati wote, lakini majani yatapukutika. Jicho hupita pasipopita mguu. Ukija utauona muhogo wote hata kabla hujaiacha njia.

Ukisema ulichokiona, muhogo utang'olewa na Jean-Marie atafungwa, achapwe fimbo. Ukinyamaza, siku wakijua utafungwa wewe. Sijui nikuombe nini. Najua tu kwamba bila muhogo ule tutalala njaa, na mama pamoja nasi.

Mama alinikataza kukuandikia. Alisema, “Mutoto yangu hawezi kungoa muhogo yenye mama yake anakula.” Yeye ana hakika. Mimi nilikuona sikukuu ya Noeli na ile kofia ya serikali, ukikataa kuketi mkekani pamoja nasi, na hakika hiyo sina.

Msalimie mkeo Cécilia na watoto. Shangazi Pascaline anakusalimu sana. Mungu akulinde njiani, na afike hapa kabla yako.

Dada yako akupendaye, na ambaye safari hii anakuogopa,

Régina